Kabla Hujashika Patasi: Jinsi ya Kuchagua na Kununua Mti wa Kuchongea Hapa Tabora

Wanachuo wenzangu, mahafali yakikaribia kila mtu chuoni anakuwa mfanyabiashara. Wapo wanaouza mashada, wapo wanaopiga picha, na siku hizi tupo sisi wa vigoda, mabao ya kuchezea, miiko na vibao vya majina. Biashara hii ni nzuri. Mzazi aliyetoka Kahama au Mpanda kuja kumwona mwanawe akivaa joho hapendi kurudi mikono mitupu, na kigoda cha mninga ni kumbukumbu kuliko soda.

Tatizo ni kwamba wengi tunajifunza kuchonga kabla ya kujifunza kununua. Mwaka jana kikundi cha vijana watano ninaowafahamu vizuri walichanga sehemu ya bumu lao, wakanunua vipande vya mninga, wakachonga vigoda 18. Vilikuwa vigoda vya kupendeza, vimepigwa msasa mpaka vinang'aa. Wiki moja kabla ya mahafali, 11 vilikuwa vimepasuka kutoka katikati hadi ukingoni. Waliokwisha kulipa wakataka hela zao. Vijana wale hawakukosea kitu kwenye uchongaji. Mti waliouziwa ulikuwa mbichi, na muuzaji aliwaambia umekauka.

Mimi nasoma ualimu, lakini nimekulia kwenye karakana ya mjomba wangu pale Ipuli, anayechonga vigoda na ngoma tangu sijazaliwa. Likizo zangu nyingi zimepita nikimsindikiza kununua mti. Nimeona akizunguka gogo dakika 20 bila kusema neno, kisha anaaga na kuondoka. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwake, pamoja na sababu zake nilizokuja kuzielewa baadaye kwenye vitabu.

Tuko kwenye nchi ya miti

Tuanze na mahali tulipo. Misitu inayoizunguka Tabora inaitwa miombo, na jina lenyewe limetokana na mti ambao Wanyamwezi wanauita muyombo. Kwenye misitu hiyo ndimo mnamotoka mninga, mkurungu, mkora, na kwa uchache mpingo, ambao wazee wengi wa huku huuita mgembe. Magome ya miyombo yametengeneza mizinga ya nyuki na vilindo vya kuhifadhia nafaka kwa vizazi vingi.

Uchongaji nao si mgeni hapa. Kule Berlin, kwenye makumbusho, kipo kiti cha kitemi cha Kinyamwezi chenye mgongo mrefu, kilichochukuliwa mwishoni mwa karne ya 19 wakati Wajerumani wakiitawala nchi hii. Wataalamu wa sanaa ya Afrika wanakihesabu miongoni mwa kazi bora za useremala na uchongaji za Afrika Mashariki. Anayekiona anaona umbo la mtu kwenye mgongo wa kiti. Fundi anaona pia kwamba aliyekichonga alijua kuchagua gogo, maana zaidi ya miaka 100 baadaye bado kimesimama. Bujora, karibu na Mwanza, jengo moja la makumbusho ya Wasukuma limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuonyesha uzito wa kiti katika utawala wa huku.

Kisha kuna barabara ya misafara. Kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga njia hiyo kwa miguu wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Njia hiyo ilileta watumwa, shanga na nguo, ikaleta pia miembe, na ikaleta milango ya mtindo wa pwani. Nenda Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, utaona nakshi za pwani zikiwa bara kabisa.

Milango ya pwani inafundisha jambo moja muhimu kwa mnunuzi wa mti. Mlango wa Kiswahili haukutengenezwa kwa ubao mmoja mpana. Una fremu, una mbawa mbili, una mfaa katikati unaofunika pale mbawa zinapokutana. Kila kipande kina nafasi ya kutanuka na kusinyaa bila kumpasua mwenzake. Mafundi wale walijua kwamba mti haulali. Hata ukishakatwa, unavuta unyevu wa hewani na kuutoa, unavimba na kunywea. Pwani hewa ina maji mengi, Tabora mwezi wa Septemba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Kitu kilichochongwa Dar es Salaam kikaletwa huku kinaendelea kukauka kikiwa sebuleni kwako. Hili likikukaa kichwani, mengine yote yatafuata yenyewe.

Kwa nini mti unapasuka

Mti mbichi una maji ya aina mbili: yale yaliyojaa ndani ya vijitundu vyake na yale yaliyonywewa na kuta za vijitundu hivyo. Maji ya kwanza yakitoka, mti unapungua uzito tu. Haubadiliki ukubwa. Unyevu ukishafika karibu asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, ndipo maji ya kwenye kuta yanaanza kutoka, na hapo mti unasinyaa.

Haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Kutoka moyoni kwenda kwenye gome unasinyaa kiasi. Kuzunguka, yaani kufuata zile duara za ukuaji, unasinyaa karibu mara mbili ya hapo. Sasa fikiria kipande cha duara chenye moyo wa gogo katikati. Mzunguko wake unataka kufupika sana, lakini umbali kutoka moyoni kwenda nje haufupiki kiasi hicho. Kitu lazima kiachie, na kinachoachia ni ufa unaotoka moyoni kwenda nje. Ndivyo vile vigoda 11 vilivyokwenda.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mjomba ni hii: usinunue kipande chenye moyo wa gogo ndani yake, labda kama unachonga kitu chenye tundu katikati kama ngoma au kinu, ambako moyo utatolewa wote. Angalia kichwa cha kipande. Ukiona duara ndogo ndogo zimekusanyika mahali pamoja kama shabaha, hapo ndipo penye moyo. Ukiona mistari iliyopinda tu, kama upinde, kipande kimetoka pembeni mwa gogo na kitakutii zaidi.

Kanuni ya pili: mti hukauka kwa haraka sana vichwani, kwa sababu vijitundu vyake vinafunguka huko. Kichwa kikikauka na katikati pakiwa bado pabichi, kichwa kinapasuka. Dawa yake sisi watu wa Tabora tunayo mlangoni. Nta ya nyuki, ile inayobaki baada ya kukamua asali, iyeyushe taratibu na upake vichwa vyote viwili siku ile ile unayonunua. Wengine hutumia rangi nzito ya mafuta. Nia ni kulazimisha maji yatokee pembeni, polepole.

Je, umekauka kweli?

Muuzaji yeyote atakwambia mti wake umekauka. Usibishane naye, pima.

Njia ya haraka ni kubisha. Gonga kipande kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa patasi. Mkavu unalia, mbichi unajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Weka shavu au upande wa ndani wa kiganja kwenye sehemu iliyokatwa upya: mti mbichi una ubaridi. Hizi ni dalili tu, hazitoshi kuwekea hela za kikundi.

Njia ya uhakika inahitaji mzani mdogo wa jikoni. Omba kijipande kilichokatwa kutoka katikati ya ubao, si kichwani. Kipime hapo hapo. Tuseme kina gramu 260. Kipeleke kwenye oveni yenye joto la kama nyuzi 103 za Selsiasi, kitoe na kukipima kila baada ya muda mpaka uzito uache kushuka. Tuseme kimebaki gramu 200. Kilichotoka ni gramu 60 za maji. 60 gawanya kwa 200 ni asilimia 30. Mti huo ndiyo kwanza unakaribia kuanza kusinyaa, na ukiuchonga kigoda leo unatengeneza ufa. Kwa kitu kitakachokaa ndani ya nyumba huku kwetu, tafuta asilimia 12 au karibu na hapo. Ukizidi 15, subiri.

Huna oveni? Nunua mapema, pima kipande kizima kila Jumamosi na uandike kwenye daftari. Kikipungua kila wiki, bado. Kikikaa wiki tatu bila kushuka, kimefika pale hewa ya Tabora inapokitaka. Kihifadhi kivulini, kwenye upepo, kikiwa juu ya vijiti visivyogusa ardhi. Usikiweke chini ya mabati mwezi wa Oktoba ukidhani unaharakisha kazi: utakausha ngozi na kuacha nyama mbichi. Na kumbuka kwamba unene ndio unaotesa. Ubao wa inchi 2 unachukua muda mrefu sana kuliko wa inchi 1, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kipande cha kigoda cha inchi 10 si cha kununua mwezi mmoja kabla ya mahafali.

Hapa mtu ataniuliza: mbona mafundi wa ngoma na vinu wanachonga mti mbichi? Ni kweli, na wana sababu. Mti mbichi ni laini, patasi inapita kama kwenye muhogo. Lakini wao hawamalizi kazi siku hiyo. Wanatoa umbo la awali, wanachimba ndani, wanaacha kuta nene kuliko zinavyotakiwa, kisha wanakiacha chombo kikauke kivulini. Ukuta mwembamba hukauka kwa usawa kuliko gogo zima, na ukipinda kidogo ule unene wa ziada unarekebishwa kwa tezo. Ukitaka kufuata njia hiyo, nunua mbichi kwa makusudi, kwa bei ya mbichi.

Kusoma kipande

Baada ya unyevu, kinachofuata ni macho.

*Nyuzi.* Angalia mistari inavyokwenda ubavuni. Ikienda sambamba na ubao, patasi yako itakuwa na amani. Ikipinda na kutokea pembeni, mguu wa kigoda utavunjika hapo hapo inapotokea. Mninga mara nyingine una nyuzi zinazopishana, safu hii inaelekea huku na inayofuata inaelekea kule. Ukipigwa randa unapendeza sana, lakini nakshi ndogo ndogo zinabanduka. Kwa nakshi nyembamba tafuta kipande chenye nyuzi zilizotulia. Ule wenye mawimbi uweke kwenye kiti cha juu ambako uso unabaki mpana.

*Vifundo.* Kifundo ni mahali tawi lilipotokea. Kikiwa kimeshikana na mti pande zote na hakina mpaka mweusi, unaweza kuishi nacho. Kikiwa na duara jeusi kukizunguka, kitadondoka siku moja na kukuachia shimo.

*Rangi ya kiini.* Kiini ni ile sehemu ya ndani iliyokolea rangi. Nje yake kuna sehemu nyeupe. Kwenye mninga na mpingo unanunua kiini. Ile nyeupe wadudu wanaipenda kwa sababu ina wanga. Muuzaji akikupa mninga ambao nusu ni nyeupe, umelipia nusu.

*Unga na matundu.* Pindua kipande. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini unaomwagika ukikigonga, kuna wapangaji ndani. Usikiweke karibu na vipande vyako vingine.

*Nyufa zilizofichwa.* Mwagia maji kidogo kichwani mwa kipande, subiri uso ukauke. Ufa hubaki umeshika maji na kuonekana kama mstari mweusi. Angalia pia kama kichwa kimekatwa upya asubuhi ile. Wakati mwingine muuzaji amepunguza sehemu iliyopasuka, na ufa wenyewe bado unaendelea ndani.

Mti gani kwa kazi gani

*Mninga* ni rafiki wa mwanafunzi. Ukikauka una uzito wa kama kilo 640 kwa mita ya ujazo, si mzito wala si mwepesi, na ukishatulia haubadiliki sana. Ndiyo maana unafaa kwa vigoda, fremu, masanduku na ngoma. Ukikatwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu. Vumbi lake huwasumbua baadhi ya watu kifuani na kwenye ngozi, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa.

*Mkurungu* ni ndugu yake, kwa kawaida mzito na mwekundu zaidi. Jina lake la kisayansi, Pterocarpus tinctorius, lenyewe linagusia kutia rangi. Unapendeza kwa vinyago. Sitauchonga mwiko, maana sitaki ugali wa rangi.

*Mkora*, ambao pwani wanauita mkongo au mbambakofi, ni mgumu na unadumu. Faida yake utaiona kwenye milango na viti vya nje. Hasara yake utaiona kwenye patasi yako.

*Mpingo* ni habari nyingine. Una zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hata ukiwa mkavu kabisa unazama kwenye ndoo ya maji. Ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, na ndio uliowapa Wamakonde jina duniani. Unakua polepole mno, miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na magogo yake mara nyingi yamepinda au yana tundu ndani. Hapa ndipo watu wanapigwa changa la macho. Mti mwepesi unapakwa dawa nyeusi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Kwaruza chini kwa kisu: mpingo wa kweli ni mweusi au kahawia iliyokolea mpaka ndani. Futa kwa kitambaa chenye spiriti uone kama rangi inahama. Kisha tupia kipande kwenye maji. Jaribio la maji ufanye kwa kipande kikavu tu, kwa sababu miti mingine ikiwa mibichi nayo huzama.

*Mwembe* watu wanaudharau, na mimi nautetea. Upo kila mahali kwenye njia ya misafara kuanzia hapa hadi Ujiji, na mashambani watu hukata ile iliyozeeka na kuacha kuzaa. Ni rahisi kuchonga, rangi yake ni ya mchanga na mara nyingine ina michirizi mizuri. Unafaa kwa mabakuli, sinia na mabao ya kujifunzia. Ubaya wake ni kwamba fangasi na wadudu wanauwahi. Ukinunua gogo la mwembe, litoe gome siku hiyo hiyo, lipasue mapema na ulianike kivulini. Miembe ya zamani iliyopandwa enzi za misafara ni historia ya mji. Hiyo tuiache isimame.

Vipimo na bei

Mbao zetu zinauzwa kwa majina: "mbili kwa nne", "mbili kwa sita", "moja kwa nane", nyingi zikiwa na urefu wa futi 12. Vipande vya kuchonga havina jina, unatajiwa bei kwa kuangaliwa usoni. Ili usipotee, badilisha kila kitu kiwe futi za ujazo. Zidisha unene kwa upana kwa inchi, zidisha kwa urefu kwa futi, kisha gawanya kwa 144.

Ubao wa mbili kwa sita wa futi 12: 2 × 6 × 12 ÷ 144 = futi 1 ya ujazo kamili. Kipande cha inchi 6 kwa 6 chenye urefu wa futi 2: 6 × 6 × 2 ÷ 144 = nusu futi. Kwa mfano tu, ubao ule ukiwa shilingi 40,000 na kipande hiki 25,000, kipande kinakugharimu 50,000 kwa futi. Si lazima iwe wizi, kwa sababu mti mnene ni adimu na umekaa muda mrefu. Lakini sasa unajadiliana ukiwa na namba mkononi.

Nenda na futikamba yako. "Mbili kwa sita" mara nyingi si mbili wala si sita. Ukipima ukapata inchi 1.75 kwa 5.5, hesabu inakuwa 0.8, yaani umelipia futi nzima na kupewa asilimia 80.

Njia ninayowashauri wanaoanza ni mabaki. Mafundi seremala wa Ng'ambo, Isevya na Kanyenye wanatengeneza vitanda na makabati ya mninga kila siku, na vichwa vya mbao vinabaki. Vingi vimeshakauka dukani. Kwa miiko, vibao vya majina na vinyago vidogo huhitaji gogo hata kidogo. Salimia kwanza, "mwangaluka" ya asubuhi ina thamani kuliko kelele za bei, kaa kidogo, nunua mara mbili tatu mahali pamoja. Mzee akishakuzoea atakuwekea pembeni.

Makaratasi

Sehemu hii wengi wataruka, na ndiyo inayoweza kukupeleka polisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mti wa msitu wa asili uvunwe kwa kibali na usafirishwe kwa hati. Wanaosimamia ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, pamoja na halmashauri. Gogo halali lina alama ya nyundo, mwenye mzigo ana leseni na hati ya kusafirishia ambayo watu huiita TP, na wewe mnunuzi unatakiwa kupata risiti. Mtu akikwambia "njoo saa tatu usiku na bodaboda", huo si mnunuo wa bei nafuu, ni kesi inayosubiri jina lako. Kabla ya kununua gogo zima, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize. Kuuliza hakuna ada.

Kama unauza kwa wageni wanaosafiri nje, jua kuna mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mpingo na jamii yake yote uliingizwa kwenye orodha yake ya pili kuanzia Januari 2017, mkurungu mwaka 2019, na mninga pamoja na mkora kufuatia mkutano wa mwaka 2022. Orodha ya pili haikatazi biashara, inaidhibiti. Kuna misamaha kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika, lakini inatofautiana kati ya mti na mti, kwa hiyo mwambie mteja aulize kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Kwa nini makaratasi haya yanatuhusu

Tabora inalima tumbaku, na tumbaku inakaushwa kwa kuni. Inachoma mkaa, inafyatua matofali, inauza mbao. Mti wa mninga uliochukua miaka mingi kuliko umri wa wazazi wetu unaangushwa kwa msumeno wa injini kwa dakika chache. Mjomba anasema zamani alikuwa akipata gogo la kigoda kwa kutembea, sasa anapanda gari kuelekea Sikonge na anarudi na vipande vyembamba.

Wenzetu Wakamba wa Kenya walishapita hapa. Uchongaji wao wa kibiashara ulianzia Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa miaka mingi walitegemea mpingo na miti mingine migumu ya porini mpaka ikawa shida kuipata. Wengi wakahamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua haraka na inayopandwa shambani, na vinyago vyao bado vinauzwa. Upande wetu, vijiji kadhaa vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya mpingo, na hela ya mti ikaanza kuingia kijijini badala ya kuishia kwa mlanguzi. Maana yake mchongaji anaweza kuchagua: apande au anunue kinachopandwa, na kile cha porini akinunue kwa anayekilinda.

Mapendekezo yangu kwa kikundi cha uchongaji cha chuo ni matatu. Kwanza, tununue kwa pamoja mwezi wa Mei mvua zikikatika, ili mti ukauke kiangazi chote na uwe tayari kabla ya mahafali. Pili, tuwe na daftari moja: tarehe, aina ya mti, aliyeuza, namba ya risiti, uzito wa kila wiki. Mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, kazi za kujifunzia zote zichongwe kwa mwembe, mwarobaini na mabaki ya karakana, na mninga mzima uguswe na mtu ambaye mkono wake umeshatulia.

Wale vijana watano, kwa taarifa yenu, wamerudisha hela zote za wateja na wanachonga tena mwaka huu. Vipande vyao viko kwenye stoo ya mjomba tangu Mei, vimepakwa nta vichwani. Jumamosi iliyopita tulivipima, na ilikuwa wiki ya pili mfululizo uzito haujashuka. Mwenye kutaka kigoda aandikishe oda mapema.